Waliosiriba Ukuta wa Tiata

Mwanawetu alikumbuka debe lake akiwa amekwisha kufika nyumbani, amekwisha kuvua kanga ya kazi na kuinjika sufuria. Mwaka ule wa themanini na mbili, debe zima lisilovuja halikuwa kitu cha kuacha ovyo. Ukilipoteza leo, kupata jingine ni mpaka Mungu apende. Akaepua sufuria, akajitanda kanga, akarudi mjini kwa hatua za haraka huku jua likizama nyuma ya mikorosho.

Alikuwa ameliacha Tiata.

Tiata lilikuwa jumba kubwa katikati ya Nachingwea. Wazungu wa mradi wa karanga walilijenga zamani kwa ajili ya dansi na michezo yao ya kuigiza. Walipoondoka likawa ghala la korosho, kisha likawa nyumba ya popo. Sasa lilikuwa limepewa kikundi cha sinema cha mji, watu waliozoea kutundika shuka jeupe uwanjani na kukimbizana na mvua kila picha inapofika mahali patamu. Mwenyekiti wao alikuwa mwalimu Ernest, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa kufundisha huku. Saruji haikupatikana, hata kwa kibali. Mwalimu akasema basi, kuta zisiribwe kwa udongo na chokaa, kwa mikono, kama nyumba zetu wenyewe. Ndiyo maana wakaajiriwa wanawake sita, Mwanawetu akiwa mmoja wao. Msimamizi wa kazi alikuwa Kaimu, kaka yake wa tumbo moja, ambaye aliahidi mbele ya kamati kwamba Sabasaba itakuta jumba tayari.

Debe lilikuwa nyuma ya jengo, kando ya shimo la udongo. Alipoinama kulichukua, akasikia.

Srrr... srrr... srrr...

Alisimama. Alikuwa anaijua sauti ile kuliko jina lake. Ni kiganja kinachoburuzwa juu ya udongo mbichi. Lakini hakikuwa kiganja kimoja. Vilikuwa vingi, vikienda pamoja, vikisimama pamoja.

Akazunguka hadi mlango wa mbele. Mnyororo ulikuwa mahali pake, na kufuli lilikuwa limefungwa kwa nje.

Akaweka sikio kwenye mbao. Wanawake wanaosiriba huongea. Huimba, husengenya, hukohoa vumbi, hucheka. Mle ndani hamkuwa na kikohozi wala pumzi. Ilikuwepo ile sauti tu. Na harufu... harufu ya udongo uliolowa, na chini yake harufu nyingine, chachu, ya pumba mbichi.

Mwanawetu hakuuliza mtu. Alibeba debe lake akaenda nyumbani, na sufuria hakuinjika tena.

Asubuhi, ukuta mzima wa kushoto ulikuwa umekwisha. Kazi ya siku nne.

"Akina mama, hongereni!" Mwalimu Ernest alikuwa anazunguka akipiga makofi kama mtoto. "Kwa mwendo huu hata jukwaa tutaliwahi!"

Wanawake wakatazamana. Kaimu akaingia na tabasamu lake la upole. Akasema ameleta vibarua wa Ruangwa, watu wasiopenda jua, wanaofanya kazi jioni. Mwalimu akaridhika. Wanawake wakachukua madebe yao, kila mmoja akijifanya ameridhika.

Mwanawetu alikuwa amefika karibu na jukwaa. Msiribaji hana haja ya kuandika jina lake. Mkono wake unatosha. Kila mwanamke ana namna yake ya kuuzungusha, na udongo ukikauka hubaki mistari ya vidole, nusu duara juu ya nusu duara. Pale karibu na jukwaa nusu duara zilikuwa za mistari mitatu. Mstari wa nne, wa kidole kidogo, ulikwenda upande, mbali na wenzake, kama mtu aliyenuniwa.

Hajira, mtoto wake pekee, alivunjika kidole kidogo kwa mchi akiwa na miaka saba. Kikaunga vibaya. Tangu siku hiyo kila ukuta alioupitishia mkono ulikuwa na mstari ule.

Hajira alikufa miaka miwili iliyopita. Aliugua kichwa siku tatu tu. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

"Mama Hajira, unaumwa?" Felomena alimshika bega. Felomena, mjane aliyetoka kijiji cha Mnero, ndiye aliyekuwa rafiki yake wa kazini na wa msibani. Mwaka jana tu walimlia pamoja Modestus, mume wa Felomena, mwashi aliyeanguka kwa homa akiwa mzima wa afya.

"Jua," Mwanawetu akajibu.

Walikuwa ndani, na jumba lile halikuwa na dirisha hata moja.

Siku ile, wenzake walipokwenda kunawa, alipanda ngazi za nyuma akajificha katika chumba kidogo cha juu, mahali ambapo ingekaa mashine ya kuonyeshea picha. Akamsikia Kaimu akifunga mnyororo. Akasikia nyayo zake zikienda zake. Mwanga pekee uliobaki ulitoka kwenye matundu ya bati, vijiti vyembamba vya mwanga wa jioni, vyekundu.

Akangoja.

Mnyororo haukulia. Mlango haukufunguliwa.

Walitoka chini ya jukwaa.

Ubao mmoja uliinuka, kikatoka kichwa. Kisha kingine. Watu kumi na mmoja, wamevaa magunia ya korosho, wamejaa unga wa pumba midomoni. Hawakutazama kushoto wala kulia. Kila mmoja alikwenda kwenye rundo la udongo, akachota, akaukabili ukuta.

Srrr... srrr...

Huku kusini kila mtoto hulijua neno hili kabla hajajua kusoma: ndondocha. Mtu anaugua, anakufa, watu wanalia, wanazika. Kumbe walichozika ni gogo la mgomba. Mwenyewe amechukuliwa, amekatwa ncha ya ulimi asiseme, anafanyishwa kazi na kulishwa pumba. Mwanawetu alilisikia neno hilo maisha yake yote, na maisha yake yote alikuwa akisema ni maneno ya watu wenye wivu.

Aliwajua watatu. Mmoja alikuwa mzee Shaibu, aliyekuwa akiuza tumbaku sokoni. Mmoja, mrefu, mabega mapana, alikuwa Modestus wa Felomena.

Na yule mwembamba karibu na jukwaa...

Hakukumbuka kushuka ngazi. Alijikuta amesimama nyuma yake, karibu kiasi cha kuona kovu la tetekuwanga kwenye shingo.

"Hajira."

Mkono uliendelea. Mistari mitatu, na mmoja pembeni.

"Hajira, mwanangu. Ni mimi."

Akamshika mkono. Ulikuwa baridi kama udongo wenyewe. Haukumkwepa, wala haukumshika. Ulingoja tu aachie, uendelee.

"Usimwite jina," ilisema sauti nyuma yake, taratibu. "Inamchelewesha."

Kaimu alikuwa ametokea kwa uleule ubao, amekaa kwenye ukingo wa jukwaa, miguu ikining'inia.

"Kaka..." Mwanawetu hakuuachia ule mkono. "Huyu ni Hajira."

"Alikuwa."

"Mlimzika. Nililia mpaka nikazimia."

"Ulilia kweli. Na kabla jeneza halijatoka ndani nilikuinamia nikakuambia neno. Umelisahau?"

Hakulisahau. Alikuwa amelala kwenye mkeka, kichwa kinamzunguka, nyumba imejaa wanawake. Kaka yake aliinama akamnong'oneza: mwachie mjomba wake, sema, mtoto apumzike. Kwa Wamwera mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Baba yake mwenyewe alikwishahamia Lindi, hakuja hata mazikoni. Nani mwingine angemwachia? Akasema: nimekuachia, kaka.

Alidhani ni maneno ya msiba tu.

"Mimi simchukui mtu," Kaimu akasema. "Napewa."

"Na mimi nilikupa?"

"Kwa kinywa chako."

Mwanawetu aliketi chini palepale kwenye vumbi. Alitaka kupiga kelele, lakini kelele zingewaleta watu. Watu wangekuja na moto, na moto usingechagua mjomba na mpwa. Kaimu alilijua hilo. Akashuka jukwaani, akachuchumaa mbele yake kama walipokuwa wadogo, alipokuwa akimtoa mwiba mguuni.

"Nitakuachia ufunguo," alisema. "Uje kila magharibi, ukae naye mpaka jumba liishe. Usimwambie mtu. Na usimlishe chochote cha nyumbani kwako. Umenisikia, mdogo wangu?"

Akauchukua ufunguo.

Mtu ambaye hajazika mtoto asimlaumu. Alikwenda jioni ile ya pili, na ya tatu, na ya nne. Alibeba mafuta ya ufuta akampaka Hajira miguu iliyopasuka. Akamsuka nywele akiwa amesimama, maana hakukubali kukaa. Akamweleza nani kaolewa, nani kajifungua, mbuzi yule mweusi kazaa mapacha. Hajira alisiriba. Kaimu alipomimina pumba kwenye beseni, Hajira alitoka mikononi mwa mama yake katikati ya neno, akaenda kula akiwa ameinama, pamoja na wengine.

Mchana Mwanawetu alifanya kazi ubavuni mwa Felomena, na mara nyingi alifungua mdomo amwambie. Kila mara akaufunga. Angemwambia nini? Kwamba mumeo anakula pumba kwenye beseni, nami naingia kumwangalia kila siku?

Jioni ya sita alikuwa akimnawisha Hajira mikono. Udongo ulipotoka, ngozi haikuwepo. Vidole vilikuwa vimelika kwa ukuta, mpaka kwenye mfupa. Hapakuwa na damu.

"Inamuuma?" alimuuliza Kaimu.

"Hawasikii."

"Jumba likiisha anakwenda wapi?"

"Nina mashamba ya ufuta Nanganga. Baada ya hapo, popote penye kazi."

"Mpaka lini?"

Kaimu alimtazama kana kwamba ameuliza swali la kitoto. "Hawachoki, Mwanawetu. Mimi na wewe tutakufa. Huyu bado atakuwa analima."

Usiku huo hakulala. Kulipopambazuka alikuwa mlangoni kwa Felomena.

"Nina haja ya chumvi," akasema.

Chumvi haikuonekana dukani tangu mvua za masika. Watu walikula mboga baridi, wakatania kwamba wameota ladha. Felomena alimtazama rafiki yake, macho yaliyovimba, unga wa pumba kwenye pindo la kanga. Alikuwa mtoto wa huku. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Ni Hajira?" alinong'ona.

Mwanawetu akaitikia kwa kichwa.

Felomena akamvuta ndani, akafunga mlango. "Bibi yangu alikuwa akisema, akionja chumvi atakumbuka. Na akikumbuka atarudi."

"Atarudi wapi?"

"Hakusema."

Akaingia chumbani. Akatoka na karatasi ya daftari iliyokunjwa, na ndani yake chumvi ya mawe, kijiko kimoja. "Nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya Pasaka, nikaogopa kuila. Ndiyo yote. Chukua."

Hapo ndipo pa kusema. Mwanawetu alijua kwamba hapo ndipo. Lakini kijiko kilikuwa kimoja, na yeye alikuwa mama. Akaikunja ile karatasi kifuani.

"Ahsante, dada."

Felomena alisubiri kidogo, midomo ikicheza, kama mwenye swali. Kisha akamfungulia mlango.

Jioni ile Kaimu alikuwa amekwenda Ruangwa kutafuta mabati. Mwanawetu aliingia na sahani ya ugali na kisamvu chini ya kanga. Akainyunyiza chumvi yote, mpaka chembe ya mwisho aliyoiona. Akamega tonge, akalisukuma kwa kidole katika mdomo wa mwanawe, kama alivyomlisha meno yalipokuwa yanaota.

Hajira akatafuna.

Mkono ukutani ukasimama.

Akatafuna tena, polepole. Mwanawetu akamlisha la pili, la tatu. Kitu kilianza kutembea usoni mwa binti yule, kama maji yanapoingia kwenye mfereji mkavu. Kope zikapepesa. Akaitazama mikono yake. Akaitazama muda mrefu.

Kisha akamtazama mama yake.

"Ma..."

Ulimi haukuweza zaidi ya hapo. Machozi yakaanza kushuka, yakichimba njia katika pumba.

"Twende nyumbani," Mwanawetu alisema. "Twende, mwanangu, twende, nimekuja kukuchukua."

Na hapo ndipo aliposikia ukimya.

Zile sauti za viganja zilikuwa zimekoma. Wote kumi waliobaki walikuwa wamegeuka. Pua zao zilikuwa zinanusa.

Modestus alitangulia. Alipiga magoti mbele ya Mwanawetu, akakinga viganja viwili pamoja, namna mtu anavyopokea kitu kwa heshima. Akangoja.

"Sina," Mwanawetu akanong'ona. "Shemeji, sina tena. Nisamehe."

Karatasi ilikuwa imeanguka chini. Modestus akaiokota. Akailamba, upande huu na upande huu, kwa kile kipande cha ulimi, mpaka wino wa daftari ukamwingia mdomoni. Kisha akainua uso. Jicho la kushoto lilikuwa kavu, limekufa kama la samaki. Lakini la kulia lilikuwa linamwona. Lilimjua. Chozi likalijaa.

Haikutosha.

Nyuma yake mlango ulilia. Hajira alikuwa anatoka. Mwanawetu akatazama mlango, akatazama lile jicho.

Akakimbia kumfuata mwanawe.

Hajira hakushika njia ya nyumbani. Alitembea kama mtu aliyechelewa mahali, miguu mitupu, gunia likimpiga magotini. Mtu wa baiskeli aliwapita akielekea Nambambo. "Shikamoo, mama," alisema. Mama mmoja. Yule mwingine hakumsalimia, wala hakumkwepa.

"Si huko, Hajira. Nyumbani ni huku. Hajira!"

Mikorosho ikaisha, makaburi yakaanza. Hajira alisimama kwenye kaburi lake mwenyewe kana kwamba amekuwa akilijua siku zote. Akageuka. Akakaa chini kwa upande, akiacha nafasi nyuma yake. Mwanawetu alielewa. Ndivyo alivyokuwa akikaa kila Ijumaa kusukwa. Akaketi nyuma yake, akampokea katikati ya magoti, na kichwa cha mwanawe kikalala juu ya paja lake, kizito, cha kweli.

Alimshikilia kwa nguvu zake zote. Alimwomba radhi kwa lile neno alilolisema msibani. Hajira alimpapasa goti kwa vile vidole vilivyolika, taratibu, mbele na nyuma, mpaka giza likaingia kabisa. Halafu mpapaso ukawa mwepesi. Ukawa kama upepo.

Ukaacha.

Mikononi mwa Mwanawetu lilibaki gunia tupu lenye unyevu. Na kaburi lilikuwa limezama kwa shubiri moja.

Kaimu alimkuta nyumbani asubuhi. Hakugomba. Alikuja kuchukua ufunguo.

"Ungemwona miaka na miaka," alisema mlangoni. "Umemuua mwanao kwa mkono wako. Si mimi."

Usiku mzima Mwanawetu alikuwa akijiambia maneno hayohayo.

Jumba liliisha kabla ya Sabasaba. Mwalimu Ernest alihutubia, akamwita Kaimu jukwaani, watu wakampigia makofi, naye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Picha ya kwanza ilipoanza, wazee kutoka vijijini walishangilia mpaka bati likatikisika. Mwanawetu hakwenda. Aliisikia shangwe ile akiwa uani kwake, akichambua mchicha ambao hakuwa na hamu ya kuupika.

Felomena naye hakwenda. Alikuja akakaa naye kwenye mkeka, akaanza kusaidia kuchambua.

"Mle ndani," Felomena alisema mwishowe, bila kuinua macho. "Walikuwa wengi?"

"Kumi na mmoja."

"Uliwaona wote?"

"Niliwaona."

Jani likavunjika mikononi mwa Felomena. "Modestus... hakuwemo?"

Mjini watu walicheka kwa pamoja, cheko moja kubwa.

"Hakuwemo," Mwanawetu akasema.

"Apa."

"Wallahi."

Felomena alifunika uso kwa kanga akalia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Jumapili yake akaomba misa ya shukrani. Kwa miezi kadhaa alionekana ameongezeka mwili, akicheka, akisema mumewe amepumzika. Kila aliposema hivyo Mwanawetu alitafuta kitu cha kufanya kwa mikono.

Kaimu alikwishahamia mashambani kwake. Watu walisema ufuta wa Nanganga msimu uliofuata ulikuwa wa ajabu.

Ilikuwa kwenye mavuno ya msimu huo Felomena aliporudi kutoka mnadani Ruangwa. Hakutua hata kikapu. Alisimama kizingitini kwa Mwanawetu, vumbi la njia miguuni.

"Nimesikia jambo," alisema. "Watu wa Nanganga wanasema kila magharibi kuna kitu kinalia kwenye ufuta. Hakisemi. Kinalia tu, kama mwanamume mzima. Wengine wanasema ni ndege."

"Ni ndege," Mwanawetu akajibu upesi. Upesi mno.

Felomena akaitikia kwa kichwa. Akaitazama mikono ya rafiki yake, iliyokuwa imeacha kufanya kazi.

"Mama Hajira," aliuliza, kwa sauti ya chini kabisa. "Ndege huyo ana jina?"

Mwanawetu alifungua mdomo. Ulimi ukawa mzito, kana kwamba na wenyewe umekatwa.

Felomena alisubiri. Kisha akatua kikapu pale kizingitini na vyote vilivyokuwamo, akajifunga kanga kiunoni, akageuka akashika njia ya Nanganga, peke yake, na jua lilikuwa linazama.